Mwaka wa Mabomba Mdomoni mwa Kabula

Mama Nshoma amekufa, na watu wa Mhunze wamemlilia kama aliyekufa ni mganga mkuu wa mkoa. Nilitoka Kahama kwenda kumzika kwa sababu tulikaa jirani miaka mingi, ukuta kwa ukuta. Siku ya tatu tulikuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye mikeka, tunakula wali na maharage, wanawake wakaanza kumsifu. Mmoja akasema, "Mikono yake ilikuwa myepesi, mtoto hata halii sana." Mwingine akadakia, "Wangu wanne wote aliwatoa meno ya plastiki yeye, na wote wanatembea." Kama hujui meno ya plastiki, una bahati. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, watu humfunua mdomo, na wakiona ufizi umevimba mweupe pale chonge itakapotokea, husema hilo ni jino baya, laini kama plastiki, ndilo linalomuua. Hapo alikuwa anapelekwa kwa Mama Nshoma. Anapasua ufizi, anachokoa, anatoa kitu cheupe kama punje ya mchele, anakuwekea kiganjani: umeona? Unaona. Mimi niliona mara nyingi kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia watoto kichwa. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na sikuwa na huruma ya kijinga, ndivyo alivyonisifu. Basi binti yake mkubwa, Nshoma mwenyewe, akaja na fundo la kanga, akapiga magoti mbele yangu na sahani yangu ya wali. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "wazee wamekaa, wamesema ichukue wewe. Wewe ndiye uliyejua kazi yake." Akafungua fundo. Ndani kulikuwa na spoku ya baiskeli, ncha imenolewa kwenye jiwe mpaka inang'aa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni, na naandika haya ikiwa bado haijashuka.

Ili ujue kwa nini, lazima nikupeleke nyuma miaka sita, mwaka ambao Kabula alivaa mabomba mdomoni. Kabula ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi, na hayo mengine ya ukoo siyaandiki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mrefu, mweusi wa kupendeza, anaongoza darasani, na mimi nilitembea naye Kahama kama mtu anayetembea na ng'ombe wa mashindano. Lakini taya lake la chini lilibaki nyuma. Meno ya juu yalitoka mbele hata ungeweza kupitisha kidole gumba kati ya ya juu na ya chini, na kidevu kilikuwa kama kimeanza kisha kikaahirisha. Shuleni walimwita Kidevu Likizo. Mimi sikujua, maana hakunisemea. Niliona tu amejifunza kucheka na kiganja mdomoni. Nilijua siku mteja wangu mmoja, kijana wa machimboni, alipomwangalia anavyogawa maji ya kunawa pale kwenye banda langu la chakula, akasema kwa sauti, "Huyu binti mzuri kabisa, ila kidevu kiko likizo." Meza nzima ikacheka. Niliikwapua sahani yake, nikaurudisha mchuzi kwenye sufuria pamoja na kipande cha nyama alichokuwa ameshakiuma. "Bibi, nimelipia!" Nikamwambia, "Nenda ukadai kwa huyo kidevu." Kabula alikuwa ameshaingia jikoni. Hakulia. Aliosha masufuria masafi.

Baada ya hapo akaanguka akicheza netiboli, jino la juu la mbele likakatika kipande, na mwalimu wake akanitumia barua kwamba meno yaliyotokeza vile yatavunjika yote, nimpeleke Mwanza kwa daktari wa kupanga meno. Nilikasirikia barua. Nilimkasirikia mwalimu. Kisha nikafunga banda, tukaenda.

Kile chumba nakikumbuka kuliko chumba nilichozalia. Kiti kirefu cha kijani, taa yenye mkono, harufu ya karafuu na dawa, na dirishani mawe makubwa ya Mwanza yamepandana. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, amevaa viatu vya mpira, sauti ya chini. Aliniamkia "Shikamoo Bibi" kabla hajaangalia faili, hilo nilimpa alama. Akampiga Kabula picha ya eksirei ya taya zima, akaitundika kwenye mwanga, akaitazama. Halafu akatoa mifano miwili ya meno ya plasta, kila mmoja umefungwa chuma chake. "Bibi, mtoto bado anarefuka, na taya linarefuka pamoja naye. Tukilishika sasa tutalisaidia lije mbele. Tukisubiri amalize kukua, litabaki kazi ya kukata mfupa." Nikauliza kama hakuna kitu cha kuvaa na kuvua. Akasema kipo, lakini cha kuvua huishia mfukoni mwa sketi, na yeye anataka kinachokaa mdomoni usiku na mchana. Mfano wa kwanza ulikuwa na mabomba: kila upande bomba moja dogo na fimbo inayoingia ndani yake, kama pampu ya baiskeli. Ukifunga mdomo, taya la chini halina pa kurudi, linasukumwa mbele. Mfano wa pili ulikuwa na springi kila upande, zinapinda, zinasukuma polepole. Nikazibonyeza zote mbili kwa kidole. Springi ilikubali. Bomba likakataa. "Hii springi ni laini," nikasema, "mpe hii."

Daktari akavuta kiti chake karibu. Akanionyesha kwenye mfano kwamba springi inasukumia kwenye waya wa meno ya chini, pembeni ya chonge, na chonge ndiyo nguzo. "Sasa mjukuu wako chonge za chini hana. Hazipo upande huu, hazipo upande huu, hata ndani ya mfupa hazipo. Nikimwekea springi, taya litasogea kidogo na haya meno manne ya mbele yatalala nje kama ua lililosukumwa na ng'ombe. Mabomba nitayafunga nyuma kwenye magego, juu na chini, na chuma kingine kizunguke nyuma ya meno ya chini kuyashika." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Bibi, huyu mtoto aliwahi kutolewa meno ya plastiki?"

Kabula alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, macho yote mawili kwangu. Nami, mwanamke nisiyemwogopa dereva wala diwani, nikasema, "Hapana daktari. Alizaliwa hivyo. Hata kwenye ukoo wetu wapo." Maneno yalitoka laini kama uji. Daktari akaandika. Sikuona aibu siku ile, niulize na nitakuambia kweli. Niliona nimemjibu vizuri.

Mabomba yakawekwa. Wiki ya kwanza Kabula alikuwa kama punda aliyefungwa lijamu. Mashavu yalichubuka ndani, mate yalimtoka, akisema "sasa" inatoka upepo. Alikula uji wa ulezi, ndizi za kuponda, dagaa wa Nkome niliowakaanga kisha nikawatwanga na karanga mpaka wakawa unga. Nilitwanga kwa hasira. Wateja wangu walisema chakula cha mwaka ule kilikuwa kitamu, na sababu ni hiyo, kila kitu kilipigwa. Nikakataza muwa, mahindi ya kuchoma, na michembe. Hivyo viazi vitamu vyetu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani vikiwa vibichi ni vigumu kama kuni, ila mtoto wa Kisukuma huvitafuna kama peremende. Wiki ya saba nikasikia *ka!* kutoka stoo. Nikaenda. Kabula amekaa kwenye gunia, kipande cha mchembe mkononi, bomba la kushoto linaning'inia nje ya mdomo kama mkia wa panya. "Bibi, nilikuwa nanusa tu," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikamtukana mpaka majirani wakaja. Tukapanda basi la alfajiri kwenda kufungwa upya.

Kule kwenye benchi la kusubiri ndiko nilikokutana na Mama Zuhura wa Geita, mke wa mnunuzi wa dhahabu, mwanamke wa vitenge vizito na simu mbili. Binti yake Zuhura alikuwa rika moja na Kabula, ana taya lile lile la kurudi nyuma, ila meno yake yote yapo. Yeye aliwekewa springi. Mwaka mzima tulipangiwa siku moja ya mwezi, na mwaka mzima tuligombana. "Bibi Kabula," alikuwa ananiambia akijipepea, "huyo mjukuu wako wamemfunga shokapu za pikipiki. Akipiga chafya atadunda." Nikamjibu, "Wa kwako wamemfunga springi za godoro. Siku akiolewa mume atalala wapi?" Watu wa benchi walicheka, naye alicheka, lakini roho yangu iliniuma. Zuhura alitafuna nyama mwezi wa kwanza. Zuhura aliweza kupeleka taya kushoto na kulia. Wangu mdomo wake ulifunguka na kufungwa kama mlango wa kabati, basi. Springi za Zuhura nazo zilikuwa na visa vyake: zilimbana shavu, moja ilichomoka kwenye harusi ya shangazi yake, na kwanza alikaa miezi mingi na waya za kunyoosha kabla hajawekewa springi zenyewe. Mama yake aliyasema hayo kwa sauti ndogo. Mimi niliyarudia kwa sauti kubwa. Ndivyo nilivyokuwa, natafuta kosa kwenye mdomo wa mtoto wa watu ili lisionekane la kwangu.

Mwezi wa tano nilitoka chooni pale hospitalini, nikasikia wasichana wetu wanaongea pembeni ya ukuta, wamenipa mgongo. Zuhura alikuwa anasema watoto wake atawaleta kwa daktari mapema, wasichekwe. Kabula akasema, kwa ule upepo wake wa mabomba, "Mimi sizai." Zuhura akacheka, "We! Kwa nini?" "Mimi nimezaliwa nimepungua. Bibi alimwambia daktari ni ya ukoo. Nikizaa watatoka hivi hivi, bila meno, bila kidevu, na watu wawaite likizo." Zuhura hakucheka tena. Nilisimama pale na maji yananidondoka mikononi. Mtoto niliyemtembeza mjini kama ng'ombe wa mashindano alikuwa ameshajihesabu bidhaa mbovu, na cheti cha ubovu nilimwandikia mimi.

Nilimpigia simu mama yake kwanza, maana nilikuwa mwoga bado. Nikamwambia nataka kumweleza Kabula habari ya Mama Nshoma. Binti yangu akasema, "Mama, na mimi nina la kukuambia. Ile homa ya Kabula haikuponywa na spoku. Usiku ule iliendelea. Kesho yake ulipoenda gulioni nilimpeleka dispensari, wakampima, ni malaria, wakampa dawa. Niliogopa kukuambia." Miaka kumi na mitatu! Miaka kumi na mitatu nimesimama kwenye misiba na harusi nikisema mjukuu wangu aliponywa na mkono wa Mama Nshoma. Na walionisikia, wangapi walipeleka watoto wao? Sitaki kujua, na sina usingizi kwa kutojua. Nilimfokea binti yangu, "Uliniogopa nini?" Akajibu, "Wewe." Akakata simu.

Nilimwambia Kabula mchana, jikoni, wateja wameshaondoka, yeye anajisugua mabomba kwa mswaki mdogo juu ya beseni. Sikuzunguka. Nikasema, "Hukuzaliwa umepungua. Chonge zako zilikuwepo. Ulikuwa na miezi saba, una homa, nikakupeleka zikachokolewa kwa spoku ya baiskeli. Nilimdanganya daktari. Kidevu hicho ndicho ulichozaliwa nacho, na kinatengenezeka. Meno nilikutoa mimi." Akaacha kusugua. Povu la dawa lilikuwa mdomoni. Akauliza swali moja tu: "Wewe ulinishika wapi?" Nikasema, "Kichwa." Akatema povu, akasuuza, akaenda zake chumbani kwa miguu ya taratibu. Siku tisa hakunisemesha. Alikula nilichomtwangia, aliosha vyombo, aliniamkia shikamoo kwa sababu nimemfundisha, kisha basi. Siku ya kumi, tukiwa kwenye kile kiti cha kijani, akamwambia daktari mwenyewe, "Dokta, andika upya. Sikuzaliwa hivi. Walinitoa."

Nikangoja daktari anivue nguo kwa maneno. Hakufanya hivyo. Akasema, "Nilijua, Bibi. Naona wengi wa aina hii. Kilichotolewa hakikuwa plastiki, ni jino lenyewe likiwa changa, na la ukubwani lilikuwa chini yake." Nikawaka. "Kama ulijua kwa nini hukusema?" Akaniangalia na yale macho ya utulivu. "Nilikuuliza." Sijawahi kupigwa kofi baya kama lile, na hakuinua mkono.

Mabomba yalitolewa mwezi wa kumi. Springi za Zuhura zilitoka mapema zaidi. Siku hiyo ya mwisho mimi na Mama Zuhura tuliwasimamisha wasichana ubavu kwa ubavu dirishani, tukawatazama kama wanunuzi. Springi si mbaya. Nimekaa mwaka nikizitukana, leo nasema kweli: kidevu cha Zuhura kilikuja, meno yake ya chini yakainama mbele kidogo, na alikula na kuongea kwa raha muda wote. Cha Kabula kilikuja vilevile. Kwa shida zaidi, lakini meno yake manne ya chini yalibaki wima. Daktari alituambia sehemu ni taya lililosogea na sehemu ni meno yaliyosogea, na mtu akikuambia ni taya tupu anakudanganya. Bado kulikuwa na waya za kunyoosha mbele yake, na mapengo mawili yatakayojazwa akiwa mtu mzima. Mama Zuhura akanigusa bega. "Bibi Kabula, godoro na pikipiki vimefika mji mmoja." Kabula akacheka. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa umebaki mapajani.

Sasa rudi nami Mhunze, kwenye mkeka, spoku kwenye fundo la kanga. Niliichukua. Vigelegele vikalipuka. Nikasimama nikasema, "Nimeichukua, na nitakufa nayo, na hakuna mwingine atakayeishika." Wakashangilia zaidi, wajinga wale, walidhani nimekubali kazi. Ikabidi niwaambie. Niliwaambia yote, na jina la malaria nikalitaja, na nikawaambia mimi ndiye niliyeshika vichwa vya watoto wao, wakatazame leo midomo ya watoto hao. Nshoma akalia kwamba namtukana mama yake kaburi halijakauka. Mzee mmoja akasema, "Lakini watoto walipona." Nikamwambia, "Waliopona walikuwa na mama mwoga mwenye akili. Wasiopona mmewazika, mkasema mmechelewa kwenda kwa Mama Nshoma." Wali wangu uliondolewa mbele yangu. Nililala kwa mtu mwingine.

Asubuhi, nafunga mzigo wangu, mama mmoja mdogo akaja mlangoni, mtoto mgongoni amelegea, macho yamezama. Hakuwepo msibani jana yake. Alikuwa amesikia nusu ya habari. "Mwadila, mayu," akanisalimia. "Nimeambiwa wewe ndiye unayo spoku." Nikamgusa mtoto paji la uso, linaunguza. Nilitaka kumpiga yule mama. Nilitaka kumpiga kwa kuwa alikuwa mimi. Nikasema, "Ninayo. Nifuate." Akanifuata njia nzima bila kuuliza, mpaka tulipofika kwenye lango la kituo cha afya ndipo akasita, nikamshika mkono nikamwingiza. Nesi alikuwa kijana, anapiga miayo. Akachukua kisindano cha kupimia damu, akasema, "Mama, mshike mtoto." Yule mama akarudi nyuma hatua moja. Nikampokea mtoto mimi. Nilimweka mapajani, na mikono yangu ikaenda yenyewe, moja huku, moja huku, ikakibana kile kichwa kidogo kama miaka ile.

Nesi akanitazama. "Bibi, kichwa kiache. Nataka kidole tu."

Nikakiachia.